Intaneti ifike hadi uani: pawalaini, ripita, meshi au waya wa kuvuta?

Nyumba ya shangazi yangu iko Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama tunazozijua: baraza mbele, ukumbi umepita katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, kisha ua, na huko uani jiko, choo na banda la vyumba viwili. Faiba ilipoingia, mafundi walifunga ruta chumba cha mbele, karibu na dirisha walikopitishia waya. Binamu yangu, anayesoma chuo kwa njia ya mtandao, analala banda la uani. Huko simu ilionyesha mstari mmoja wa waifai, na siku nyingine hata huo haupo. Mwalimu akianza kufundisha, binamu anabeba kompyuta yake na kuhamia ukumbini, kati ya wapitaji na friza ya barafu. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, kumbe kila mwezi nalipia intaneti ya barazani?"

Swali hilohilo nimelikuta baadaye Makorora, Raskazone na kwenye nyumba mpya za Kange, na kila nyumba ilitaka jibu lake. Njia anazoweza kuzipata mtu wa kawaida ni nne. Ya kwanza ni adapta za pawalaini, vile vidude viwili vinavyochomekwa kwenye soketi na kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme zilizomo ukutani. Ya pili ni ripita ya waifai, ya tatu seti ya meshi, na ya nne ni waya wa mtandao unaovutwa kutoka chumba hadi chumba. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, ila pawalaini nitaikalia zaidi. Ndiyo isiyoeleweka, na ndiyo watu wanayoinunua kwa kutazama namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kutoa hela

Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa simu. Fanya hivyo asubuhi, mchana, na saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani. Kisha nenda chumba chenye shida ukapime tena. Kama hata karibu na ruta mambo ni ya kobe, tatizo liko kwenye kifurushi au kwenye laini inayoingia, na hakuna kifaa kati ya hivi kitakachokuponya. Lakini kama mbele unapata megabiti 20 kwa sekunde na uani unapata 1, ugonjwa uko ndani ya nyumba, na hapo maelezo haya yanakuhusu.

Jiulize pia unahitaji kiasi gani. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya kawaida, na 15 kwa picha ya 4K. Kikao cha video cha masomo kinatosheka na chini ya hapo, mradi laini isikatikekatike. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 anayenunua adapta iliyoandikwa 2000 amelipia bomba pana la kupitishia maji ya kikombe.

Vigezo

Nitatazama ukuta na umbali, kwa sababu nyumba kongwe za mwambao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake unaweza kufika nusu mita. Nitatazama hali ya nyaya za umeme. Nitatazama kasi na utulivu wa laini, yaani inashikilia au inayumba. Nitauliza umeme ukikatika kunatokea nini, maana hapa kwetu swali hilo halikwepeki. Nitauliza kama unahitaji ruhusa ya kutoboa, kwa kuwa mpangaji na mwenye nyumba hawana uhuru sawa. Halafu gharama, na mwisho nani anafaidika na njia hiyo.

Pawalaini

Umeme wetu ni wa volti 230, na unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Adapta ya kwanza, iliyounganishwa na ruta kwa waya mfupi, inapandisha juu ya umeme huo mawimbi membamba ya mamilioni ya mizunguko. Adapta ya pili, uani, inayachuja na kuyarudisha kuwa intaneti. Ni kama zumari juu ya ngoma: ngoma inapiga chini, nzito na ya taratibu, na zumari inasikika juu yake bila kugombana nayo. Shida inaanza pale mazumari mengine yasiyoalikwa yanapoingia.

Ukuta na umbali. Unene wa ukuta hauihusu kabisa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kinachohesabiwa ni urefu wa safari ya waya. Vyumba viwili vinavyopakana vinaweza kuwa mbali sana kwa njia ya umeme, kwa sababu waya unatoka soketi ya kwanza, unapanda hadi meni swichi, kisha unashuka tena kwa njia nyingine. Wakati mwingine chumba cha mbali kinapata kasi nzuri kuliko cha jirani, na mwenye nyumba anadhani kifaa kina wazimu.

Hali ya nyaya. Hapa ndipo pawalaini inapofa au kupona. Chaja za simu za bei ya chini, taa za LED zisizo na kichujio kizuri, pampu ya maji, feni yenye rigoleta na mashine yoyote yenye mota, vyote vinamwaga kelele kwenye waya. Kwa shangazi laini ilikuwa shwari mchana na inayumba baada ya Magharibi, taa zote zikiwashwa na friza ikijikaza kwa joto. Kosa la kwanza lilikuwa letu: tulichomeka adapta kwenye ekstensheni yenye kinga ya kuzuia umeme mkubwa. Kinga ile inazuia kelele, na kwake mawimbi ya intaneti nayo ni kelele tu, kwa hiyo inayameza. Stabilaiza, yupiesi na zile kinga za friji hufanya vivyo hivyo. Adapta ichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenyewe. Kama soketi ni moja tu, nunua adapta yenye tundu lake la mbele, kisha ile ekstensheni yenye chaja zako uichomeke kwenye tundu hilo. Lina kichujio ndani, na kelele za chaja hubaki upande wake.

Nyumba za karibu na bahari zina tatizo la ziada, chumvi. Raskazone nimefungua soketi nikakuta shaba imeota ukijani na skrubu zimelegea. Taa inawaka bila shida, lakini mawimbi membamba hayapiti vizuri kwenye maungio ya namna hiyo. Soketi iliyolegea au yenye alama ya kuungua ni hatari kwanza, intaneti baadaye. Mwite fundi umeme aibadilishe hata kama huna mpango wa kununua kitu.

Kuna fezi pia. Nyumba nyingi zina fezi moja, yaani waya mmoja tu wenye moto unaoingia. Ukiwa na fezi tatu, na ruta iko fezi moja na chumba kiko nyingine, mawimbi yanalazimika kurukia kati ya nyaya, na hapo kasi inashuka sana au inapotea. Na LUKU. Banda la uani likiwa na LUKU yake, safari inatoka mita moja na kuingia nyingine. Huenda ikafika, huenda isifike. Makorora, fundi cherehani aliyepanga chumba chenye LUKU yake alitaka kugawana intaneti na dada yake wa nyumba ya mbele. Tulijaribu jioni nzima, taa ya adapta ikawa nyekundu, ikawaka, ikazima. Tukazirudisha dukani. Kwa mita mbili tofauti mimi sishauri kununua bila kujaribu kwanza.

Kasi na utulivu. Namba ya kwenye boksi ni ya nadharia, imejumlisha kwenda na kurudi, na imepimwa mahali pasipo na friza ya mtu. Usishangae ukipata theluthi yake, robo, au chini ya hapo. Tena waya ni mmoja kwa wote: ukifunga adapta tatu, zinagawana nafasi ileile. Ila kwa kikao cha video pawalaini ina sifa ambayo ripita nyingi hazina. Ucheleweshaji wake ni wa milisekunde chache, na kama nyaya ni nzima sauti haikatikikatiki.

Umeme ukikatika. Inakufa. Unaweza kuiwekea ruta ya mbele betri ndogo ikaendelea kuwaka, lakini adapta inakula umeme wa soketi, hivyo uani kunazimika. Mwenye inveta itakayolisha nyumba nzima anaweza kuendelea, mradi soketi zote mbili ziwe upande wa inveta.

Ruhusa. Huhitaji. Hutoboi, huvuti waya, na ukihama unavichomoa unaondoka navyo.

Gharama. Ni ya kati, na fundi hahitajiki. Kumbuka tu kwamba adapta ya kawaida inatoa tundu la waya peke yake. Kama uani wanatumia simu, nunua aina inayotoa waifai yenyewe, au unganisha ruta ya zamani kwenye tundu lile, ukizima kazi yake ya kugawa anwani (DHCP).

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawasemi. Kwanza usalama. Mawimbi hayajui kuta za vyumba vya wapangaji, na yanaweza kuvuja hadi kwa jirani anayetumia waya uleule. Adapta zinatoka kiwandani na neno la siri linalojulikana, hivyo siku ya kwanza bonyeza kitufe cha kuunganisha, cha moja kisha cha nyingine ndani ya dakika mbili, zitengeneze ufunguo wao wenyewe. Katika nyumba yenye wapangaji sita, hili usiliache. Jambo la pili ni redio. Pawalaini inatumia masafa yaleyale ya redio za masafa mafupi, kuanzia megahezi 2 kwenda juu. Kama babu ndani ya nyumba ana redio yake ya mawimbi hayo, inaweza kukoroma. Muulize kabla hujafunga.

Anayefaidika. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa, mwenye kuta nene na nyaya nzima, na nyumba yenye LUKU moja.

Pawalaini zenyewe si moja

Ukishaona nyumba yako inafaa, kuna makundi matatu. AV600 na ndugu zake za chini zinatokana na kiwango cha HomePlug AV kilichotolewa mwaka 2005. Ni rahisi, na kwa kifurushi cha megabiti 10 au 20 zinatosha. Angalia tundu lake la waya: nyingi, mfano TP-Link TL-PA4010, zina tundu la megabiti 100, kwa hiyo hata nyumba ikiwa nzuri namna gani hutavuka hapo. Namba 600 ya kwenye boksi haibadilishi tundu.

Kundi la pili ni AV1000 kwenda juu, za kiwango cha AV2 cha mwaka 2012. Zinafika masafa ya megahezi 86, tundu lake ni la gigabiti, na zilizo bora zaidi zinatumia nyaya zote tatu: fezi, nyutro na ethi, ule waya unaokwenda ardhini. Hapo ndipo panapohitaji umakini wetu. Nyumba nyingi kongwe hazina ethi ya kweli, kuna tundu la tatu kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna waya. Na adapta zilizoletwa kutoka bara Ulaya zina pini mbili za mviringo. Ukiichomeka kwa kigeuzi ili iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu za bapa, mara nyingi ethi inabaki nje. Umelipia njia tatu, unatumia mbili. Tafuta yenye pini tatu za Kiingereza tangu kiwandani.

Kundi la tatu ni G.hn, kiwango cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kama zile za devolo Magic au TP-Link PG2400P. Hizi ndizo mpya, na katika nyaya zenye kelele zinajitahidi zaidi. Lakini G.hn na HomePlug haziongei. devolo dLAN ya zamani na devolo Magic, japo jina la kampuni ni moja, haziwezi kuunganishwa. Ukipewa moja ya mkononi na rafiki halafu ukanunua nyingine ya kuikamilisha, soma kwanza ni ya ukoo gani.

Kwa zote, omba muuzaji akubaliane nawe kwa maandishi kwenye risiti kwamba zisipofaa utazirudisha ndani ya siku chache. Nilinunua mara moja kwa maneno tu, na duka likanikatalia. Zijaribu usiku, pasi ikiwa moto, friza ikinguruma na mashine zote zikiwa kazini.

Ripita ya waifai

Ukuta na umbali. Inasikia waifai ya ruta na kuirudia, kwa hiyo inategemea kile inachosikia. Watu wanaiweka chumba kisicho na mtandao kabisa, kisha wanalalamika. Weka katikati ya safari, mahali ambapo bado kuna mistari mitatu, kama mwisho wa ukumbi unapoelekea mlango wa ua. Ukuta wa matumbawe ulioshiba unyevu, ukuta wenye wavu wa chuma ndani ya plasta, na banda lililozungushiwa mabati, vyote vinaikwaza.

Hali ya nyaya. Haihusiki, inataka tu soketi.

Kasi na utulivu. Ripita ya bei ya chini inasikiliza na kusema kwa masafa yaleyale, hivyo kasi hupungua kama nusu. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizogusana, namba 1, 6 na 11, na mtaa wenye ruta nyingi kama Ngamiani wote wamerundikana humo. Ukipata yenye masafa mawili, afadhali.

Umeme ukikatika. Ile ya kuchomeka ukutani inazimika. Ile inayotumia chaja ya volti 5 inaweza kukaa kwenye pawabenki, na hilo si dogo.

Ruhusa na gharama. Huhitaji ruhusa ya mtu, na ndiyo nafuu kuliko zote.

Anayefaidika. Mwenye chumba kimoja cha shida, matumizi ya simu na ujumbe, na bajeti ndogo.

Meshi

Meshi ni vituo viwili au vitatu vinavyofanya kazi kama ruta moja. Ukitoka chumbani hadi uani simu inahama yenyewe, jina la waifai ni moja, na simu ya WhatsApp haikatiki njiani. Wengi huku wanaijua kwa jina la Deco, ya TP-Link, ingawa kampuni nyingi zinatengeneza.

Ukuta na umbali. Ina nguvu kuliko ripita, lakini mawimbi ni mawimbi. Katika nyumba ya mzee mmoja Raskazone, mwalimu mstaafu, kituo cha pili kilikuwa nyuma ya kuta mbili za mawe. Kilionyesha rangi ya kijani huku kasi ikiwa duni. Tulipovihamisha vyote viwili vikatazamana kupitia milango, mambo yakabadilika. Kwa nyumba za matofali ya saruji zenye nafasi, meshi inastarehe.

Hali ya nyaya. Haihusiki, tena kwa mzee yule ndiyo iliyokuwa sababu ya kuichagua, kwa kuwa nyaya zake zilikuwa za zamani, hazina ethi, na maungio yake yameliwa na chumvi.

Kasi na utulivu. Nzuri, hasa seti zenye masafa matatu, ambapo moja limewekwa kwa ajili ya mazungumzo ya vituo vyenyewe. Zile za masafa mawili zinapungua kila kituo kinapoongezwa. Vituo vingi vya meshi vina tundu la waya, hivyo unaweza kuviunganisha kwa waya au kwa pawalaini, na hapo ndipo vinapong'ara. Deco P9 imekuja na pawalaini ndani yake kabisa.

Umeme ukikatika. Vingi vinatumia adapta ya volti 12, kwa hiyo betri ndogo ya ruta inavibeba, moja kwa kila kituo.

Ruhusa na gharama. Hutoboi, lakini bei iko juu.

Anayefaidika. Familia yenye simu nyingi zinazozunguka nyumba nzima, na nyumba ya vyumba vingi ambayo nyaya zake huziamini.

Waya wa kuvuta

Ukuta na umbali. Waya wa Cat5e unabeba gigabiti moja hadi mita 100. Cat6 unabeba gigabiti 10 hadi mita 55 hivi. Nyumba ya Kiswahili kutoka baraza hadi ua haifiki huko. Ukuta unahitaji tundu moja la kidole.

Hali ya nyaya za umeme. Haihusiki, ila usipitishe waya wa mtandao kwenye bomba moja na nyaya za umeme. Kelele ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba ganda la waya wa umeme likichubuka, volti 230 zinaingia kwenye kompyuta ya mtoto na kwenye mkono wake.

Kasi na utulivu. Hakuna kinachoufikia kati ya hivi vinne. Friza iwake, mvua inyeshe, jirani afunge ruta kumi, waya hautikisiki. Lakini tazama unachouziwa. Kuna nyaya nyingi sokoni ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, si shaba tupu. Zinavunjika zikikunjwa, na kwa safari ndefu zinapoteza nguvu.

Umeme ukikatika. Waya wenyewe hauhitaji umeme. Ruta ikiwa na betri mbele, na kompyuta ina chaji, binamu anaendelea kusoma gizani.

Ruhusa. Ndipo penye mkwamo. Mwenye nyumba aambiwe, aonyeshwe njia itakakopita, na akubali. Nimeona wapangaji wakitozwa plasta ya ukuta mzima kwa tundu moja. Unaweza kupita juu ya dari, au kubandika mfereji wa plastiki kwenye kona ya ukumbi, usafi ule ule.

Uani, chagua waya wa nje wenye ganda jeusi, usioharibika kwa jua, na uufukie ndani ya bomba. Usiutundike hewani kati ya paa na paa. Masika ikija na radi, waya wa shaba ulioning'inia kati ya majengo mawili ni mwaliko mbaya. Kama majengo yako mbali, kipande cha faiba ndiyo salama, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Gharama. Waya unauzwa kwa mita na si ghali. Ghali ni mkono wa fundi. Mtafute anayepima kila waya kwa kipimo chake baada ya kubana vichwa, nyaya nane zote, kwa sababu nyaya nne tu zikishika utapata megabiti 100 na hutajua kwa nini.

Anayefaidika. Mwenye nyumba yake, mwenye kazi isiyovumilia kukatika, na yeyote anayejenga.

Kwa hali yako

Umepanga chumba, LUKU ni moja kwa nyumba nzima, ruta iko kwa mwenye nyumba na amekubali mgawane: anza na pawalaini ya AV600 yenye waifai, kwa makubaliano ya kuirudisha. Bonyeza kitufe cha kuunganisha siku hiyohiyo.

Umepanga, lakini LUKU yako ni yako peke yako: usipoteze muda na pawalaini. Jaribu ripita dirishani, au zungumza na mwenye nyumba kuhusu waya. Fundi cherehani wa Makorora alikubaliwa baada ya kumwonyesha mama mwenye nyumba mchoro na kuahidi kulipia plasta. Waya wa mita kumi na mbili umemaliza shida yake.

Unaishi nyumba kongwe ya mawe: usiangalie mwaka wa nyumba, angalia mwaka wa nyaya. Kama zilibadilishwa karibuni na zina ethi, pawalaini ya AV2 au G.hn itapita pale ambapo waifai imekwama. Kama nyaya ni zile za zamani, chukua meshi na uvipange vituo vitazamane kupitia milango, au subiri nyaya zibadilishwe, jambo ambalo ningelifanya kwanza kwa ajili ya usalama wa waliomo.

Umeme wenu unakatika mara kwa mara na kuna mtu anayefanya kazi au kusoma mtandaoni: weka uzito kwenye waya au meshi yenye betri. Shangazi alibaki na pawalaini. Tulihamishia adapta ukutani, tukaupitisha mzigo wa chaja kwenye tundu lenye kichujio, na banda la uani likapata laini ya kutosha masomo. Umeme ukienda, binamu anatumia bando la simu mpaka urudi. Kwao hilo linavumilika, maana mitihani yake iko chuoni na si mtandaoni. Ingekuwa mitihani ya mtandaoni, ningemsihi shangazi atoboe.

Familia kubwa, nyumba ya kisasa ya matofali, watoto na simu kila kona: meshi. Kama fedha inaruhusu, unganisha kituo cha mbali kwa waya.

Na kama nyumba bado iko kwenye matofali, kama nyingi za Kange na Pongwe ninazopita, mwambie fundi kabla ya plasta aweke bomba tupu kutoka mahali ruta itakapokaa hadi kila chumba, na moja hadi uani. Bomba lake, mbali na la umeme, lenye kona za mviringo na kamba ya nailoni imeachwa ndani, ncha zote mbili zimefungwa fundo ili zisiingie ukutani. Andika kwa penseli kwenye ramani bomba linapita wapi, upige na picha kwa simu kabla saruji haijalifunika.